Kapteni wa Beho Beho na Watu Wake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Kapteni Frederick Courteney Selous amelala Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji, baada ya kupigwa risasi na mdunguaji wa upande wa Wajerumani tarehe 4 Januari 1917. Alikuwa na umri wa miaka 65 na siku nne, umri ambao wenzake wengi walikwisha kukaa barazani wakiota jua. Leo tunauliza: alikuwa mtoto wa nani, na hilo linajulikanaje?

Anayetafuta ukoo wa afisa aliyeuawa vitani huanzia kaburini, akarudi nyuma kizazi kwa kizazi. Wengi hufanya kinyume. Huanza na simulizi ya babu mkuu aliyekuwa mtu wa heshima, kisha wakalazimisha nyaraka ziifuate simulizi. Kaburi halina upendeleo huo. Linatoa jina, cheo, kikosi na tarehe, na kila kimoja kati ya hivyo kinafungua daftari jingine.

Kikosi cha Selous kilikuwa batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, iliyoshuka Mombasa Mei 1915 na kushambulia Bukoba mwezi uliofuata. Cheo chake cha ukapteni na nishani yake ya DSO ya Septemba 1916 vilitangazwa katika London Gazette, gazeti la serikali ya Uingereza ambalo hadi leo ndilo hatua ya kwanza ya mtafiti. Afisa hakupandishwa cheo gizani. Kila hatua yake ilichapwa. Hatua ya pili ni Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, magharibi mwa London. Huko yamehifadhiwa majalada ya maafisa zaidi ya 200,000 wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hayo ni mabaki tu, kwa kuwa Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala la Wizara ya Vita, na zaidi ya nusu ya karatasi za askari wa kawaida zikawa majivu. Yale ya maafisa yaliyonusurika ni ya barua: ombi la kujiunga na jeshi, cheti cha daktari, na mara nyingi barua za mjane anayeuliza kuhusu pensheni, saa ya mkononi au deni la mshonaji. Nasema wazi kwamba barua hizo za madeni hueleza familia vizuri kuliko mawe yote ya marumaru.

Kutoka hapo mtafiti huingia kwenye rejista za raia. Uingereza ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo tegemeo ni vitabu vya parokia, vilivyoamriwa tangu 1538. Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Hapo pana mtego mdogo. Wazazi walipewa siku 42 za kuandikisha mtoto, na faharasa hupangwa kwa tarehe ya kuandikishwa, si ya kuzaliwa. Mtoto wa siku ya mwisho ya mwaka hutafutwa katika faharasa ya mwaka unaofuata. Sensa nayo ilifanyika Machi 1851, kabla hajazaliwa, kwa hiyo hatumtarajii katika sensa yoyote kabla ya ile ya 1861. Anayetafuta kwa pupa atafungua vitabu vya 1851, asione kitu, aseme mtu huyu hakuzaliwa Uingereza.

Mtego wa pili ni jina lenyewe. Baba yake, Frederick Lokes, aliandikwa Slous. Herufi moja tu imepungua, lakini katika faharasa herufi hiyo inamtenga mwana na baba kwa kurasa nyingi. Wana wa Gideon Slous, babu wa kapteni, ndio walioanza kujiandika Selous, wala si wote kwa wakati mmoja. Hata jina la katikati la kapteni huonekana Courteney kwa baadhi ya waandishi na Courtenay kwa wengine. Mtafiti mzoefu hutafuta sauti ya jina, haishikilii tahajia.

Frederick Lokes alikuwa mtu wa fedha, akapata kuwa mwenyekiti wa Soko la Hisa la London. Mkewe, mama wa kapteni, aliitwa Ann Holgate Sherborn. Amu wa kapteni, Henry Courtney Selous, alikuwa mchoraji. Ndiye aliyechora picha kubwa ya Malkia Victoria akifungua Maonyesho Makuu ya 1851, na picha hiyo iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Babu Gideon naye alikuwa mchoraji wa sura za watu.

Nyuma ya Gideon njia inatoka London na kuvuka maji hadi kisiwa cha Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa. Jersey ina sheria zake na rejista zake, ambazo zilianza 1842, kwa hiyo mtu wa huko hapatikani katika faharasa za Uingereza hata akitafutwa mwaka mzima. Mapokeo ya familia yanasema walikuwa Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa ambao wengi wao walikimbia nchi yao baada ya Mfalme Louis wa 14 kuifuta Amri ya Nantes mwaka 1685. Mapokeo ya namna hii hayatupwi, wala hayaandikwi kama ushahidi. Koo nyingi za Uingereza hupenda kuwa na Mhuguenoti, kama koo nyingi za pwani yetu zinavyopenda kuwa na Mshirazi. Inafurahisha pia kwamba John Guille Millais, aliyechapisha wasifu wa Selous mwaka 1918, alitoka katika familia yenye asili ya Jersey hiyohiyo.

Ndugu mdogo wa kapteni, Edmund, aliyezaliwa 1857, alisomea sheria kisha akajitolea kutazama ndege, akawa mpinzani mkali wa wale waliowaua kwa kisingizio cha sayansi. Frederick alijenga jina kwa kuua tembo, na mwaka 1890 aliuongoza msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, yaani aliwaonyesha njia walioinyakua nchi ya Washona. Tumbo moja lilizaa hao wawili, na hakuna cheti cha kuzaliwa kinachoweza kueleza tofauti hiyo.

Mwaka 1894, akiwa na miaka 42, alimwoa Marie Catherine Gladys Maddy, binti wa kasisi, aliyekuwa na umri wa karibu nusu ya wake. Wakakaa Worplesdon, Surrey. Mwana wao mkubwa, Frederick Hatherley Bruce, alikuwa rubani wa kivita. Aliuawa Ubelgiji ndege yake ilipovunjika angani, tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake. Ulinganifu wa tarehe kama huu humfanya mtafiti makini ashuku kwamba karani amechanganya watu wawili wenye jina moja. Hapa hakuna aliyechanganya. Mama huyo alifiwa na mume na mwana siku moja ya kalenda.

Sensa za Surrey hazisemi yote. Waandishi wa baadaye wameeleza kwamba, kabla ya ndoa hiyo, Selous alikuwa na watoto na wanawake wa Kiafrika huko kusini mwa bara. Watoto hao hawamo katika rejista za Worplesdon, na Millais, aliyeandika kumtukuza rafiki yake, hakuwa na sababu ya kuwatafuta. Mti wa ukoo unaochorwa kwa karatasi za Uingereza peke yake umekatwa matawi.

Katika kitabu cha Millais anatajwa pia mbeba bunduki wa Selous, Ramazani. Jina moja tu. Kwa bwana wake tumefika hadi babu na kuvuka bahari. Kwa Ramazani hatuna la kuanzia, si jina la baba wala kijiji. Tusidhani hii ni ajali ya vita. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo inaonyesha kwamba Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona afadhali makaburi makubwa ya wapagazi, pamoja na yale ya Dar es Salaam, yaachwe yarudie pori. Kaburi la Selous lilijengewa, na mwaka 1922 pori la akiba lililolizunguka likapewa jina lake. Tangu 2019 mahali hapo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Hata hivyo, majina ya wapagazi yaliandikwa, kwa sababu jeshi lililazimika kuwalipa. Mapema 2025 ilitangazwa kwamba nyaraka zilizokuwa mikononi mwa jeshi la Kenya zimetoa majina ya zaidi ya watu 3,000 waliokufa katika vita hivyo. Basi karatasi zipo. Kinachokosekana ni watu wa kuzifungua na familia za kuzithibitisha.

Msomaji ambaye babu yake au babu wa babu yake alichukuliwa upagazi, au alikuwa askari wa upande wowote, namwomba aandike sasa hivi anachokijua: majina matatu, kijiji, jumbe au chifu wa wakati huo, mahali alipochukuliwa, na kama alirudi. Kama kuna medali au kibati cha namba ndani ya sanduku la nyumbani, nakili maandishi yake yote, hata usiyoyaelewa. Nakala moja ibaki kwa ukoo, nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa za nchi yetu. Katika sehemu ya tatu tutaonyesha namna ya kuisoma namba ya mpagazi.