Sumu ya Risasi Ndani ya Afyuni: Tusiseme "Ni Arosto Tu"



Kijana aliyezoea dawa za kulevya akilia kwa maumivu ya tumbo, wengi wetu husema upesi: ni arosto tu, avumilie. Pengine sivyo. Huenda amebeba sumu ambayo hakujua kuwa anaimeza: madini ya risasi.

Afyuni ni utomvu wa mmea uitwao mpopi, na heroini, yaani "unga" wa mitaani, hutokana nao. Mwaka 2016, nchini Irani, watumiaji wengi wa afyuni walifikishwa hospitalini wakiwa na maumivu makali ya tumbo, kufunga choo na upungufu wa damu. Vipimo vilionesha risasi nyingi katika damu yao. Risasi ni nzito; mfanyabiashara asiye na utu akiichanganya, mzigo wake huongezeka uzito na faida hukua. Mnunuzi hana namna ya kujua alichouziwa.

Risasi ikishaingia mwilini hujihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile inayoendesha misuli. Dalili yake ya tangu zamani ni kiganja kulegea na kuning'inia, hata mtu ashindwe kushika jembe. Mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni.

Ugumu uko hapa: arosto nayo huumiza tumbo, na afyuni yenyewe hufunga choo. Hivyo ugonjwa hujificha nyuma ya mazoea, na kipimo cha damu ndicho kinachoufichua. Zipo dawa za kuiondoa risasi kwa njia ya mkojo, lakini mishipa iliyodhurika hupona polepole, na mgonjwa akicheleweshwa huenda isipone kabisa.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Tuliwahurumia, na ilikuwa haki. Je, sumu ileile ikimpata mraibu, huruma yetu ikome?

Kanisa halibadili neno lake: Katekisimu, namba 2291, inafundisha kwamba matumizi ya dawa za kulevya ni kosa kubwa, isipokuwa kwa tiba halali. Lakini Msamaria Mwema hakumhoji majeruhi kwa nini alipita njia ile. Alimfunga majeraha kwanza.

Basi, tusimfiche mgonjwa chumbani kwa kuogopa aibu. Tumpeleke hospitali na kumweleza daktari kwa ukweli alichotumia, ili damu yake ipimwe. Tiba ya uraibu kwa methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, sasa inapatikana hata Dodoma, jirani zetu. Na Jumuiya Ndogo Ndogo zimsindikize, kwenda na kurudi.