Ziwa Kivu likichafuka, rangi mbili zinatosha

Jumamosi iliyopita tulikaa barazani na watoto wetu, hapa Bukavu, tukingojea mvua ishuke juu ya ziwa ili tuichore kwa rangi za maji. Wengi walikuja na boksi la rangi kumi na mbili, lile la watoto wa shule. Tukawaomba waweke kumi pembeni. Walitucheka kweli.

Mwenye rangi nyingi huchora ziwa la bulu na milima ya kijani, kama anavyolijua kichwani. Lakini mvua ikija, kisiwa cha Idjwi kinapotea, milima ya Rwanda inabaki kama moshi, na maji yanafanana na sufuria ya zamani. Kijivu hicho tulikipata kwa bulu nzito inayoitwa ultramarini na kahawia ya udongo uliochomwa, ile yenye jina la mji wa Siena, Italia. Bulu hiyo mama zetu wazee wanaijua: ndiyo waliyotia katika maji ya kufulia mashuka meupe. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la Afghanistan, tena kwa bei kali sana. Mwaka 1828 Mfaransa mmoja, Guimet, alipewa zawadi kwa kuvumbua namna ya kuitengeneza kiwandani, nayo ikafika hata kwenye beseni la kufulia.

Zichanganye kwenye sahani nyeupe. Bulu ikizidi, ni wingu; kahawia ikizidi, ni mlima. Lowesha sehemu ya anga kwa maji safi, gusa kwa burashi iliyojaa rangi, kisha inamisha ubao ili rangi iteremke yenyewe kama mvua ya mbali. Tia rangi nzito kuliko unavyotaka, maana ikikauka inapauka. Halafu uache! Hapo ndipo wengi wetu tuliharibu: tulirudi kurekebisha, karatasi ikachoka, wingu likawa matope. Watoto walituzidi kwa sababu wao walikwenda kucheza.

Nyeupe haitafutwi sokoni, ni karatasi yenyewe. Anga ikikauka kabisa, chukua burashi karibu kavu, uilaze ubavu na kuipitisha haraka juu ya sehemu ya maji. Itarukaruka na kuacha vidoa vyeupe, ndilo povu la mawimbi. Mwishoni kabisa, kwa ncha nyembamba, weka mitumbwi: ile mitatu iliyofungwa pamoja ya wavuvi wa sambaza, na miti yake mirefu.

Mama mmoja kati yetu hakuweka mtumbwi. Yeye huvuka kwenda Idjwi kununua mananasi, na kila mmoja wetu anajua familia iliyopoteza mtu katika maji haya. Wakati wote alikuwa amekaa akipa ziwa mgongo, akichora kwa kukumbuka, na kusema kweli wingu lake ndilo lililotutisha zaidi: zito, limekaa chini, bila mwanga hata kidogo. Ni binti yake aliyemwambia aache mstari mwembamba wa karatasi kati ya wingu na maji. Akauacha.

Kisha mtoto akauliza mtumbwi uko wapi.

«Umekwisha kufika,» mama akajibu, akageuza kiti na kulitazama ziwa.