Masikio na Macho Yanapodhoofika kwa Pamoja

Umri unapoendelea, usikivu na uoni hupungua polepole, mara nyingi bila mwenyewe kutambua. Jamaa ndio hutangulia kuona dalili: runinga imepandishwa sauti mno, mzee anajibu swali ambalo hakuulizwa, au ameacha kwenda kwenye mikusanyiko. Nyumbani husemwa kwamba amekuwa msahaulifu au amesusa, ilhali neno halikumfikia. Kabla ya kumhukumu hivyo, apimwe.

Katika England, NHS humwazima mgonjwa kifaa cha kusikia bila malipo, na betri humpatia. Aanze kwa daktari wa familia, ambaye atatazama kwanza kama sikio limezibwa na nta. Kupimwa macho ni bure kwa aliyetimiza miaka 60, kwa mwenye kisukari, na kwa aliyetimiza miaka 40 ambaye mzazi, ndugu au mwanawe ana presha ya macho. Asisubiri maumivu: aina iliyo ya kawaida zaidi ya presha ya macho huharibu uoni bila kuuma, na kilichopotea hakirudi. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Taabu huzidi viungo hivi viwili vinapodhoofika pamoja. Asiyesikia vizuri hutegemea kutazama midomo ya msemaji. Uoni ukififia, msaada huo nao huondoka. Tena betri ya kifaa ni ndogo kama punje ya mahindi. Kwa hiyo mzee ajifunze kukitumia kwa kidole, si kwa jicho. Rangi nyekundu ni ya sikio la kulia, buluu ni ya kushoto. Ikiwa hazioni, aombe kliniki iweke alama ya kupapasa. Betri ibadilishwe juu ya kitambaa cheusi kilichotandazwa ndani ya sinia, ili ikianguka ipatikane. Baada ya kubandua karatasi yake, asubiri dakika moja au mbili kabla ya kuitia. Betri, nzima au iliyokwisha, ziwekwe mbali na wajukuu: ikimezwa huunguza koo, na mtoto apelekwe hospitali mara moja, idara ya dharura.

Majuma ya mwanzo ni magumu. Vyombo vinagongana kwa kishindo, karatasi inakwaruza, na wengi hukifungia kifaa katika droo. Hilo ni pigo kubwa, kwani ubongo unahitaji muda wa kuzizoea upya sauti. Akivae saa chache kila siku katika chumba kimya, kisha azidishe.

Mwenye kutawadha akivue kabla ya maji kufika masikioni, na akiweke katika kijisanduku kile kile siku zote. Ushungi au kofia ikikibana, kifaa hupiga filimbi; kitambaa kilegezwe kidogo. Filimbi ikiendelea, huenda kipande cha sikioni hakikukaa sawasawa, au sikio lina nta.

Ninyi jamaa, msimpigie mzee kelele, kwani kelele huyavuruga maneno. Zimeni runinga, mwiteni kwa jina lake la heshima, kaeni mbele yake, na mwanga uangukie uso wa msemaji wala usiwe nyuma yake. Asipoelewa, semeni kwa maneno mengine. Fanicha zisihamishwe bila kumwarifu.

Miadi ya hospitali isitegemee mjukuu kuwa mkalimani. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure; mwombeni mnapopanga miadi, pamoja na barua za maandishi makubwa. Mzee ambaye masikio na macho yote yamedhoofu sana ana haki ya kutathminiwa na halmashauri ya mji kupitia mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na anaweza kutumia fimbo yenye mistari myeupe na myekundu, inayowajulisha wapita njia hali yake.

Uoni ukipotea ghafla, hata wa jicho moja, au usikivu ukikatika kwa siku moja au mbili, msingoje miadi ya kawaida: pigeni simu 111 siku hiyo hiyo. Ikiwa uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, pigeni 999.