Lifti ya Mjini: Panga Kurudi Kabla ya Kwenda

Katika vikundi vingi tunavyotembelea, safari ya mjini huanza kwa miguu. Mtu hutoka nyumbani alfajiri, hutembea saa mbili, tatu au hata nne mpaka kwenye lami, kisha husimama kando ya barabara na kupunga mkono. Lori likisimama, anapanda. Lisiposimama, anangoja lingine. Watu wa Korr, Kargi na Ngurunit wanaijua safari hii, na wenzao wa Turkana, Pokot na Tana River wanaijua pia.

Wako wanaosema kwamba kuomba lifti ni vibaya, kwa hiyo watu waache. Sisi hatusemi hivyo. Mahali ambapo matatu hupita mara moja kwa siku, au haipiti kabisa, mtu atafanyaje? Mgonjwa ana siku yake ya kliniki. Kikundi kina barua ya kupeleka kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Mbuzi wameuzwa na pesa zinangojwa. Kama matatu au basi lipo na nauli ipo, pandeni hilo. Kama halipo, basi lifti iombwe kwa mpango.

Kuna jambo moja ambalo limebadilika na inafaa tulifikirie. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye kilomita 500 hivi, zamani ilikuwa ya vumbi na mawe. Lori lilikwenda polepole, na safari yaweza kuchukua siku mbili. Katika miaka ya 2010 lami ilifika mpaka Moyale. Sasa lori lile lile linakimbia. Lakini sisi abiria bado tunakaa juu ya mzigo kama tulivyokaa wakati wa vumbi. Mtu akianguka kutoka juu ya lori linalokwenda kwa kasi ya lami, mara nyingi hainuki tena.

Shida kubwa iko wakati wa kurudi

Tukiuliza wanakikundi, "Mlipangaje safari ya kwenda?" wanajibu vizuri. Wanajua saa ya kutoka, wanajua ofisi ya kwenda, wanajua nani abebe karatasi. Tukiuliza, "Na kurudi je?" wanacheka na kusema, "Tutaona huko huko."

Hapo ndipo matatizo yanapoingia. Asubuhi mtu ana nguvu, mikono mitupu, na mchana wote uko mbele yake. Anaweza kuliacha gari asilolipenda na kungoja lingine. Jioni mtu huyo huyo amechoka, ana unga na mafuta ya kupikia, ana pesa za kikundi mfukoni, na jua linashuka. Gari la kwanza likisimama atapanda tu, hata kama dereva amelewa, kwa sababu anaogopa kulala njiani. Haraka ya kurudi inamnyima nafasi ya kukataa. Na mtu anayeomba lifti akishapoteza nafasi ya kukataa, amepoteza kinga yake kubwa.

Kwa hiyo hesabuni saa kuanzia jioni, mkirudi nyuma. Tuchukue mfano. Mama mmoja anaishi kilomita 15 kutoka kwenye lami. Akiwa na mzigo, anatembea karibu kilomita nne kwa saa. Hiyo ni karibu saa nne za kutembea. Kwetu giza huingia karibu saa moja jioni, basi tuseme awe nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Ina maana lazima ashuke kwenye gari saa nane na nusu mchana. Kama gari linachukua saa moja na nusu kutoka mjini, lazima liondoke saa saba. Na kama kwa kawaida anangoja lifti saa moja na nusu, lazima awe amesimama barabarani saa tano na nusu asubuhi.

Sasa jiulizeni: mtu aliyetoka nyumbani alfajiri, akatembea saa nne na kungoja gari, atafika mjini saa ngapi? Atafika ikiwa saa tano imepita, na ofisi zina foleni. Hesabu yenyewe inatuonyesha kwamba safari hii si ya siku moja. Ni ya siku mbili. Afadhali kupanga mapema pa kulala, kwa ndugu, kwa mwanakikundi mwenzetu aliyeolewa mjini, au kwa jirani aliyehamia huko, kuliko kushukia gizani katikati ya njia ambapo kuna ndovu au wezi wa mifugo.

Kabla ya kupanda

Mahali pa kuombea lifti pana maana. Usisimame kwenye kona wala kwenye mteremko, kwa maana dereva hawezi kusimama vizuri na lori la nyuma linaweza kuwagonga. Mahali pazuri ni pale ambapo magari yanasimama yenyewe: kituo cha petroli, hoteli ya madereva, au karibu na kizuizi cha polisi. Hapo dereva amesimama na injini imetulia. Unaweza kuzungumza naye uso kwa uso, na watu wengine wanaona.

Usiseme unakokwenda kwanza. Uliza, "Gari inaelekea wapi?" Ukisema wewe kwanza, dereva mwenye nia mbaya atajibu, "Na mimi huko huko." Kisha mwulize ametoka wapi na alilala wapi. Dereva aliyetoka Moyale usiku kucha akitafuna miraa anaweza kuonekana macho yako wazi, lakini mwili wake umechoka. Mtazame macho, sikiliza maneno yake, nusa kama kuna pombe. Tazama pia magurudumu.

Elewaneni malipo kabla ya kupanda. Akisema, "Panda tu, tutaongea mbele," jibu, "Tuongee hapa." Deni ambalo halijatajwa ni kamba shingoni, na dada zetu wengi wanajua jinsi linavyodaiwa huko mbele.

Kama roho yako haikubali, usipande. Huhitaji kueleza sana. Sema, "Asante, namngojea mjomba wangu." Jizoezeni maneno hayo katika kikundi, kwa sababu mtu aliyezoea heshima huona haya kumkataa mtu aliyekwisha simamisha gari kwa ajili yake.

Halafu chukueni nambari ya gari. Kumbukeni kwamba trela ina nambari yake yenyewe, inayoanza na herufi Z. Nambari inayofaa zaidi ni ile ya kichwa cha lori, inayoanza na K. Isomeni kutoka mbele kabla gari halijaondoka, muitume nyumbani kwa simu. Itumeni dereva akiwaona. Mtu mwema hatakasirika.

Mahali pa kukaa

Nafasi nzuri ni kiti chenye mkanda, na mkanda ufungwe. Juu ya mzigo si mahali pa binadamu. Magunia yanahama, kamba zinakatika, matawi yanapiga watu kichwa, na usingizi unamshika mtu bila yeye kujua. Wale vijana wanaokaa kwenye vyuma juu ya ng'ombe wanatuogopesha zaidi. Tena lori la mizigo kwa kawaida halikukatiwa bima kwa ajili ya abiria. Mtu akivunjika mgongo, familia itahangaika sana kudai fidia, na huenda isipate kitu.

Lori la mafuta msipande kabisa. Na likianguka, msilikaribie. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, watu walikimbilia lori la mafuta lililoanguka ili wachote petroli. Moto ulilipuka na watu zaidi ya mia moja wakafa. Kama uko ndani ya gari na limeanguka karibu na mafuta yaliyomwagika, ondoka upesi, nenda mbali, na uzuie wengine wasije.

Magari ya serikali na ya mashirika mara nyingi yamekatazwa kubeba watu. Dereva akikataa, msimlaumu. Analinda kazi yake.

Akina mama na wasichana

Tunasema wazi, kwa sababu kunyamaza hakumsaidii mtu. Wanawake wamevamiwa katika malori. Kosa ni la aliyevamia, siyo la aliyeomba lifti. Hata hivyo kuna mambo yanayopunguza hatari.

Msisafiri mmoja mmoja. Wawili ni bora, na mwanamke mwenye umri aende na msichana. Usikubali kukaa katikati ya dereva na taniboi. Kaa karibu na mlango, na kabla gari halijaondoka jaribu kama mlango unafunguka kwa ndani. Mzigo wako uwe mdogo kiasi cha kushuka nao upesi. Gari likiacha barabara ya kawaida, sema kwa sauti kubwa kwamba unashuka, na upige simu ukitaja nambari ya gari ili dereva asikie. Wanafunzi wanaporudi shuleni wasiachwe kuomba lifti peke yao. Kikundi kimtoe mtu mzima wa kuwapeleka.

Na jambo baya likitokea, mwende hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai baada ya hapo. Asioge wala asifue nguo alizovaa. Azibebe katika mfuko wa karatasi au zifungwe katika leso. Nambari 1195 hupigwa bure kwa mambo ya dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Polisi wanapatikana kwa 999 au 112.

Maji ya laga

Laga inaweza kuwa kavu asubuhi na kujaa jioni, ijapokuwa kwenu hakuna hata wingu. Mvua imenyesha milimani, na maji yanafuata. Maji ya kufika magotini, yakienda kwa kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakizidi hapo kidogo, yanaweza kulisukuma gari. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, huko Mwingi. Watu zaidi ya thelathini walikufa. Mto ulikuwa mbele ya macho yao, na watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama.

Dereva akitaka kujaribu, mwambieni mnashuka. Shukeni kweli, mngoje ng'ambo hii mpaka maji yapungue. Abiria wachache wakishuka, mara nyingine dereva naye hupata akili.

Kazi ya kikundi

Mtu mmoja mmoja hawezi kufanya haya yote. Kikundi kinaweza, na hapa tunataja mambo matatu.

La kwanza ni daftari la safari. Anayekwenda aandikishe jina, siku, anakokwenda, atakapolala, na saa ya kurudi. Mtu mmoja achaguliwe kulitunza na kupokea nambari za magari. Kama saa imepita na hakuna habari, yeye ndiye anayepiga simu ya kwanza.

La pili ni madereva wanaojulikana. Kila kijiji kina dereva wawili au watatu ambao watu wanawasifu: hawalewi, hawakimbizi gari, wanaheshimu wanawake. Andikeni simu zao. Mpigie dereva siku moja kabla, umwulize atapita saa ngapi. Hapo huombi tena gari la mtu usiyemjua.

La tatu ni kibubu cha nauli. Kikundi cha watu 20, kila mtu akitoa shilingi 20 kwa wiki, kinapata shilingi 400. Kwa wiki nne ni shilingi 1,600. Badala ya watu sita kwenda mjini mwezi huo kwa bahati, kila mmoja na shughuli yake, tumeni wawili kwa nauli ya matatu au basi, wabebe shughuli za wote: dawa, barua, mbegu, risiti. Pesa nyingi zisibebwe mkononi. Ziwekwe kwenye simu, na kama hakuna ajenti karibu, wagawane wale wawili.

Msisahau maji. Anayetembea mwendo mrefu kwenye jua abebe lita tatu au zaidi, na ayabakishe mengine kwa kurudi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kutoka kwetu mpaka kwenye lami ni saa ngapi kwa miguu, ukiwa na mzigo? Hesabuni pamoja mtu anatakiwa aondoke mjini saa ngapi.

2. Ni nani kati yetu aliyewahi kukataa lifti? Alisemaje?

3. Mjini tunaweza kulala kwa nani, na je, tumekwisha mwuliza?

4. Nani atatunza daftari la safari kuanzia mkutano huu?