Je, Yaruhusiwa Kulipita Gari la Polepole Mtaani?

Wasomaji, nataka kueleza jambo moja la barabarani ambalo watu hubishana sana juu yake bila kufungua kitabu cha sheria. Dereva yumo katika mtaa wa nyumba za watu, tuseme Ntinda, Makindye au Bukoto, na mbele yake kuna gari liendalo polepole. Je, ana haki ya kulipita? Wengine husema la, kwa kuwa mtaa si barabara kuu. Wengine husema ndiyo, kwa kuwa hakuna kibao cha kukataza. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosa, ijapokuwa wa pili wamekosa kidogo kuliko wa kwanza.

Sheria kubwa ya barabara hapa Uganda ni ya mwaka 1998, na kanuni za kuendesha zilitolewa mwaka 2004. Tena mwaka 2022 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968, ambao mataifa mengi huufuata katika mambo ya barabara. Hakuna katazo la kulipita gari kwa sababu tu kando ya njia kuna nyumba. Ruhusa ipo, lakini imefungwa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yafaayo kujulikana.

Kwa kuwa sisi huendesha kushoto, gari hupitwa kwa upande wa kulia. Waweza kupita kushoto ikiwa yule wa mbele ameonyesha kwamba anakata kulia na amekwisha kusogea upande huo. (Vijana wa boda-boda huifanya ruhusa hii kuwa ya saa zote, lakini hayo ni yao.) Kabla ya kutoka katika mstari wako yakupasa kuhakikisha kwamba hakuna aliye nyuma yako aliyekwisha kuanza kukupita wewe, wala wa mbele hajaonyesha kwamba anataka kumpita mwingine. Yakupasa kuona njia iko wazi kwa umbali wa kutosha, na kujua kwamba utaweza kurudi kushoto bila kumbana yule uliyempita. Usipoweza kuona mbele vizuri, basi karibu na kilele cha kilima au katika kona hapana ruhusa, isipokuwa pale ambapo njia imegawanywa kwa mistari na wewe huingii upande wa wanaokuja.

Sasa fikirini mji wetu. Kampala ni mji wa vilima, na wamisionari wa zamani walivipenda vilima kuliko mabonde: Waanglikana walijenga Namirembe, Wakatoliki wakajenga Rubaga, na Mapadre wa Mill Hill wakajenga Nsambya. Kwa hiyo shule nyingi ziko juu, na njia za kuziendea hupanda na kupinda mpaka mwisho. Mahali pale pale ambapo watoto wengi hutembea asubuhi ndipo penye kona na vilele vya kuzuia macho.

Wapendao hesabu wachukue kalamu. Lori la kuni za jikoni linapanda kilima kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Nyuma yake kuna motokaa ndogo, na dereva wake ataka kupita kwa kilomita 30 kwa saa. Lori lina urefu wa mita 8, motokaa mita 4. Tuweke nafasi ya mita 10 kabla ya kupita na mita 10 baada ya kupita. Basi motokaa hapana budi ipate mita 32 zaidi ya lori. Tofauti ya mwendo wao ni kilomita 10 kwa saa, yaani haifiki mita 3 kwa sekunde. Kazi hiyo itachukua sekunde 11 na nusu, na kwa muda huo motokaa itakuwa imekwenda mita 96 upande usio wake. Kama kuna mwingine anakuja kutoka juu kwa mwendo huo huo wa 30, naye atakuwa amekuja mita 96. Dereva wetu ahitaji kuona karibu mita 200 za njia tupu, yaani viwanja viwili vya mpira vikiwekwa mwisho kwa mwisho. Mimi nimetembea katika mitaa mingi ya mji huu na sikumbuki mmoja wa kilimani wenye nafasi kama hiyo.

Hapo dereva hujibu: "Nitakanyaga mafuta, nipite upesi." Kweli, akienda kwa kilomita 50 kwa saa atamaliza kwa sekunde 4. Lakini kulipita gari hakumpi mtu ruhusa ya kuuzidi mwendo uliowekwa. Kanuni za mwaka 2024 zilitaja kilomita 30 kwa saa kwa sehemu za mji zenye watu wengi, kama karibu na shule na hospitali. Mwezi wa Juni 2025 kamera za kutoza faini zilipoanza kufanya kazi, watu walilia sana juu ya mwendo huo, na mpango ukasimamishwa mwezi ule ule. Mimi nawaelewa waliolalamika juu ya faini, lakini siwezi kubishana na breki. Kwenye lami kavu, na breki zikiwa nzuri, gari la kilomita 30 kwa saa husimama kwa mita 13 hivi tangu dereva aone hatari. La kilomita 50 huhitaji mita 28. Mtoto aliye umbali wa mita 20 ataokoka kwa mwendo wa kwanza, na kwa wa pili atagongwa.

Na huyo mtoto ataonekana wapi? Hili ndilo jambo ambalo wabishi wote hulisahau. Gari liendalo polepole mara nyingi lina sababu ya kwenda polepole: labda kuna shimo, labda tuta, labda bibi mzee anavuka na kikapu chake. Wewe wa nyuma huioni sababu hiyo, maana gari lenyewe ndilo linaloificha. Kwa hiyo Mkataba wa Vienna wasema kwamba gari likikaribia kivuko cha waenda kwa miguu, au likiwa limesimama mbele ya kivuko, usilipite ila kwa mwendo mdogo wa kukuwezesha kusimama mara moja. Taarifa ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliouawa barabarani Uganda, na kupita ovyo pamoja na mwendo mkali vilikuwa katika sababu kubwa kabisa za ajali. Twakumbuka usiku wa Oktoba 2025 katika barabara ya Kampala na Gulu, mabasi mawili yalipokutana uso kwa uso, kila moja likiwa linalipita gari jingine. Watu zaidi ya 40 walikufa. Ile ilikuwa barabara kuu. Mtaani hatufi wengi kwa pamoja, hufa mmoja mmoja, na magazeti hayaandiki.

Ndugu zetu mliokwisha kumaliza masomo, ambao sasa mna magari yenu, nawasihi mkumbuke mita zile 200 mjapo kututembelea, kwani siku hizo wadogo wetu wote huwa njiani kuwapokea wazazi.

Dereva wa lori la kuni naye ana wajibu. Anapopitwa, hana budi kukaa kushoto kabisa wala asiongeze mwendo. Wako wanaoongeza makusudi, kana kwamba kupitwa ni aibu, na hao wana hatia kama yule anayepita ovyo. Njia ikiwa nyembamba mno, yeye wa polepole apunguze mwendo, na ikihitajika ajitenge kando mara apatapo nafasi, ili walio nyuma waende zao.

Lakini lori likiwa limesimama kabisa kupakua mzigo, mambo hubadilika. Hapo unakwepa kizuizi, na haki ya njia ni ya yule anayekuja mbele, kwa sababu wewe ndiwe unayeingia upande wake. Ngoja apite kwanza. Na kama lililosimama ni basi la watoto wa shule, lipite kwa mwendo wa mtu atembeaye, mguu ukiwa tayari juu ya breki.