Nilidhani ni jino, kumbe ni saratani
Mpwa wangu alipovimba taya, nilidhani ni jino. Tukampa maji ya chumvi asukutue wiki mbili nzima, uvimbe ukazidi. Daktari akatufafanulia: seli ya kawaida hugawanyika mwili unapohitaji, kisha hutii amri ya kusimama. Seli ya saratani haitii. Aina hii, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Uganda, huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Lakini kasi hiyo ndiyo udhaifu wake, kwani dawa hushambulia seli zinazogawanyika upesi. Ndiyo maana hata nywele za mtoto zilinyonyoka. Leo zimeota tena. Ndugu msomaji, ukiona uvimbe kama huo usingoje. Mwahishe mtoto hospitali.