Mwanao Hakuchaguliwa: Je, Masomo Yamekwisha?

Habari hii huenda imekwisha kufika nyumbani kwako, au itafika mwakani. Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yametoka. Watoto wanasukumana mbele ya ofisi ya mwalimu kutafuta majina yao. Mtoto wa jirani yumo, mtoto wa katekista yumo, wako hayumo. Anarudi kwa njia ya nyuma, anachukua jembe bila kuambiwa. Jioni baba asema, "Basi, shule imemshinda." Mama hanyanyui neno. Tangu siku hiyo mtoto yule wa miaka 14 ahesabiwa mtu mzima, lakini mtu mzima asiye na shamba lake wala ufundi wo wote.

Baada ya mwaka mmoja au miwili tutamkuta wapi? Akiwa mvulana, pengine yuko Tabora mjini akimbembeleza mtu amwazime pikipiki ya kubebea abiria, ama yuko katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua akivuna majani ya watu wengine. Akiwa msichana, pengine amekwisha kupata mtoto, au amekwenda kuwa yaya mjini kwa ujira ambao ni aibu kuutaja. Watu husema, "Ndio vijana wa siku hizi." Mimi sikubali. Kijana hakujifungia mlango mwenyewe. Mara nyingi aliambiwa na wakubwa wake kwamba mlango wa elimu ni mmoja tu, naye akasadiki.

Shule ya njiani

Wazee wa Unyamwezi hawakuwa na madarasa wala ubao, lakini vijana wao walikuwa na shule. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikafika Unyanyembe, ndipo Tabora ya leo, kisha ikaendelea mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Toka pwani hadi Tabora ni karibu kilomita 800 kwa miguu. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga zilipanda bara, na waliozibeba wengi walikuwa Wanyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857, aliandika kwamba kwao upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto walizoezwa kubeba vipande vidogo vya pembe tangu udogoni.

Tazama basi kijana huyo alijifunza nini. Alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mbele alitembea kirangozi, mtu aliyeijua njia, visima vyake na hatari zake, na kijana alimwangalia kila siku mpaka naye akaijua. Jioni aliingia katika kambi yake, kundi dogo la watu waliopika chungu kimoja, akafundishwa kutii, kugawana na kunyamaza wakubwa wanaposema. Alijifunza Kiswahili. Alijifunza bei ya nguo, na namna ya kumkatalia tajiri anayetaka kumpunja. Wengi waliondoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kulima. Aliporudi na vitambaa vyake mabegani, hakuna aliyemwita mtoto tena.

Wanawake nao walikuwamo misafarani. Walibeba vyungu na vyakula, na wengine walikuwa na mtoto mgongoni. Lishike jambo hilo, maana nitalirudia.

Sisemi kwamba njia ile ilikuwa njema. Watumwa walipita humo shingo zao zimefungwa, ndui iliwaua wapagazi wengi, na njaa pia. Lakini hata katika ubaya ule walitoka watu waliopata elimu kwa mlango usiotazamiwa. Adrian Atiman alikamatwa utumwani angali mtoto, huko Afrika ya Magharibi karibu na Timbuktu. Mapadre Weupe walimkomboa, akasomeshwa, mwisho akafundishwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 ya kuwatibu watu! Nani aliyemwona yule mtoto mtumwa angalimtazamia udaktari?

Vyuo ambavyo wengi hawavijui

Sasa tuje kwa siku zetu. Mlango uko, nao haukufunguliwa jana. Lakini nimewauliza watu wazima wengi vijijini, na wengi wao wameupita kila wendapo mnadani bila kujua ni mlango wa nani.

Huko Denmark, katika karne ya 19, mchungaji mmoja aliyeitwa Grundtvig aliona kwamba watoto wa wakulima wamesahauliwa na shule kubwa. Akatoa shauri la vyuo vya watu wa kawaida, mahali pa kukaa pamoja, kujifunza mambo ya nchi na kazi zao, bila kutishwa na mitihani. Cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikafuata baadaye. Mwalimu Julius Nyerere alipendezwa na vyuo hivyo. Naye Tabora aliijua vema, kwa kuwa alisoma hapa tangu mwaka 1937, akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's mwaka 1946. Mwaka 1975 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ikaanza kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Leo viko 54. Katika mkoa wa Tabora utavikuta Urambo, Sikonge, Nzega na Mwanhala.

Baadhi ya vyuo hivyo viliona taabu nyingi. Fedha za wageni zilipopungua katika miaka ya 1990, paa zilivuja na vyombo vya karakana vikachakaa, hata watu wakadhani vimekufa. Baadaye vilihamishiwa chini ya Wizara ya Elimu, vingi vikakarabatiwa, na sasa hufundisha pia kwa mitaala ya ufundi stadi ile inayotumiwa na VETA.

Jambo kubwa kwako, mzazi, ni hili: chuo hiki hakimdai mwanao cheti cha kidato cha nne. Ajue kusoma na kuandika, basi. Kuna masomo marefu na kuna kozi fupi za miezi michache. Kwa kadiri ya chuo, atajifunza uashi, useremala, ushonaji, umeme wa majumbani, kuchomelea vyuma, ufundi wa magari, upishi, kilimo na ufugaji. Na yule anayetamani bado masomo ya sekondari hakufungiwa. Aweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule uitwao QT. Akiufaulu, ana ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia ndefu, nayo humchosha mtu anayefanya kazi mchana na kusoma usiku. Lakini ni njia halali, na cheti chake hutoka Baraza lile lile la Mitihani.

Kwa wadogo zaidi, wale ambao hawakuandikishwa shule au waliikimbia mapema, tangu mwaka 1999 uko mpango wa MEMKWA, ambao huwafundisha watoto walioikosa elimu ya msingi. Nao vijana wa mashamba ya tumbaku walikumbukwa. Tangu mwaka 2011, kwa miaka kadhaa, mpango wa PROSPER ulifanya kazi Urambo na Sikonge kuwatoa watoto katika kazi hizo, na wakubwa miongoni mwao wakafundishwa kilimo bora kwa kulima wenyewe katika mashamba ya mafunzo. Mpango ule ulikwisha muda wake. Tumbaku ingali ikilimwa, na mikono midogo ingali ikitakiwa.

Binti mwenye mtoto mgongoni

Hapa naomba akina baba wasome polepole.

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba shuleni alifukuzwa, na mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alisema wazi kwamba hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ikabadili jambo hilo: msichana aliyejifungua aweza kurudi darasani. Lakini amri iliyobadilishwa Dodoma haibadili mara moja neno linalosemwa jikoni. Ziko nyumba ambamo binti huyo hutumwa kila kazi wala haulizwi lo lote. Ziko nyumba nyingine ambamo anatafutiwa mume upesi upesi, mzee au kijana, mradi aondoke. Wazazi wake huona wameficha aibu. Kumbe wamezika watu wawili, yaani binti na yule mtoto wake, ambaye naye kesho atalelewa na mama asiye na kitu.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi viliwapokea wasichana hawa tangu wakati ule mlango wa shule ulipokuwa umefungwa. Mpango wake waitwa Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa pamoja na shirika la Karibu Tanzania, liitwalo KTO kwa kifupi. Binti husoma masomo ya sekondari, hujifunza ufundi na namna ya kuendesha biashara ndogo, na, hili ndilo lililonifurahisha, aweza kuja na mtoto wake. Chuoni huwekwa mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako darasani. Mwenye akili aliyefikiri hivyo alijua kazi yake. Mabibi zetu walitembea kutoka Unyanyembe hadi pwani na watoto migongoni, wala hakuna aliyewaambia kwamba safari si yao.

Shirika hilo lina mpango mwingine, Mpira Fursa, wa kuwafundisha wasichana kandanda. Najua wako watakaokunja uso. Mimi pia sikuuona mara moja uhusiano wa mpira na cherehani. Lakini msichana aliyezoea kuinamisha kichwa, akikaa miezi na wenzake kumi uwanjani akiitwa kwa jina lake, huanza kuinua macho na kusema. Hata mteja hapendi kumpa kazi fundi anayeongea na miguu yake.

Kabla hujatoa fedha

Chuo si bure. Iko ada, iko sare, viko vifaa, na kwa anayelala huko kiko chakula. Ada hubadilika, kwa hiyo kaulize chuoni penyewe, wala usiridhike na maneno ya mtu wa njiani. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako pia yafaa ajue.

Kisha fikirini pamoja na kijana mwenyewe. Kosa nililoliona mara nyingi ni kila msichana kupelekwa ushonaji na kila mvulana kupelekwa ufundi wa magari, kana kwamba hakuna kazi nyingine chini ya mbingu. Hesabu kijijini kwako: cherehani ziko ngapi barazani mwa maduka? Kama ziko saba na wateja ni wale wale, ya nane itakula nini? Tazama pia kisichokuwapo. Pikipiki zimejaa kila njia panda, lakini mafundi wa kweli wa kuzitengeneza ni haba. Nyumba za tofali za kuchoma zinaongezeka, na nyingi kuta zake zimepinda kwa kukosa mwashi anayejua timazi. Mionzi ya jua twaipata bure, tena watu wananunua mitambo yake, na ikiharibika waitupa uvunguni. Nayo misitu ya miombo imetuzunguka na asali yake. Kijana aliyejifunza kwa babu yake kutundika mizinga amekwisha kuanza masomo, na akiongeza ujuzi wa kuchuja asali safi na kuiweka vizuri kwa kuuza, bei yake haitakuwa ile ya dumu chafu la mnadani.

Yako pia mashaka ya mwisho wa kozi. Fundi bila vyombo ni sawa na mpagazi bila mzigo, hapati ujira. Anzeni kuweka akiba ya randa, ya misumeno au ya cherehani siku ile ile kijana anapoingia chuoni, hata kama ni debe moja la karanga kila mavuno. Tena sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Huombwa kwa kikundi, kwa hiyo kijana ajiunge na wenzake wa kozi moja kabla hawajatawanyika.

Mwisho, nenda ukakione chuo wewe mwenyewe, pamoja na mwanao, siku ya kazi na si ya sherehe. Ingieni karakana. Tazameni kama mashine zinazunguka au zimefunikwa turubai, na muulizeni mwanafunzi mmoja, mbali kidogo na mwalimu, mara ya mwisho aliishika lini. Kama fani mnayoitaka haifundishwi hapo, mwombeni mkuu wa chuo awaambie ni chuo kipi katika vile 54 kinachoifundisha, na nauli yake ni kiasi gani.